Umeme ukikatika simu ikiwa inaflashiwa

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma hili. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia.

Ndugu msikilizaji, ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa basi, basi likishaumaliza mlima Kitonga na abiria wakaanza tena kuzungumza, haupiti muda mrefu utafika Ilula. Hapo umo ndani ya Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002. Wasafiri wengi wanaifahamu Ilula kwa nyanya na vitunguu vinavyoinuliwa hadi madirishani mwa mabasi. Leo nyanya tuziache. Nataka twende nyuma kidogo ya barabara kuu, kwenye kibanda cha fundi simu, ambako nilikaa mchana mmoja wa mwezi Februari nikingoja simu yangu ibadilishwe kioo, huku mvua ikinyesha mfululizo.

Akaingia mama mmoja, amevaa koti zito na viatu vimejaa matope. Alikuwa ametoka Uhambingeto kwa bodaboda.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie simu hii. Inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima. Inawaka tena, inazima tena. Ni tangu juzi."

Fundi akaishika, akabonyeza hapa na pale, akatoa hukumu. "Mfumo umekufa, mama. Hii ni ya kuflashi. Elfu kumi."

"Na picha zangu?"

Fundi akajikuna kichwa. Mama akaeleza kwamba yeye ni katibu wa kikundi cha VICOBA. Kila siku ya kikao hupiga picha kurasa za daftari la hisa na mikopo, kwa sababu daftari lenyewe hukaa kwa mwenyekiti. Fundi akasema, "Tutaona, mama," jibu ambalo mafundi wote wa Tanzania wanalijua kwa moyo. Akachomeka waya, akabonyeza, na kwenye kompyuta ukatokea mstari mwekundu, kisha wa njano, ukawa unasogea polepole kama konokono. Ulikuwa umepita nusu radi ilipopiga na umeme ukakatika. Kompyuta yake mpakato ilikuwa na betri iliyokwisha kufa siku nyingi. Ikazima papo hapo. Kibanda kikawa giza.

"Ndiyo imekufa kabisa?" akauliza mama.

Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Maana jibu lake la kweli ni kwamba inategemea umeme umekatika mstari ukiwa umefika wapi, na tena inategemea fundi alikuwa amechagua nini kabla ya kubonyeza. Ili kuelewa hayo inatubidi tuingie ndani ya simu.

Simu ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kama meza ya kazi: ni ya haraka sana, lakini ukizima simu kila kilichokuwa mezani kinafagiliwa. Ya pili ni kama ghala: ni ya taratibu zaidi, lakini kilichomo hubaki hata betri ikitolewa. Hiyo ya pili ndiyo iitwayo flashi, na kutoka kwake mafundi wetu wamepata kitenzi cha kuflashi. Aliyeivumbua ni Mjapani, Fujio Masuoka, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Toshiba, na aliitangaza mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1984. Jina alipendekeza mwenzake, Shoji Ariizumi. Aliona kwamba kumbukumbu hii hufutika eneo zima kwa mara moja, akakumbuka mwanga wa kamera ya picha.

Jina hilo limebeba siri yote ya kazi hii. Flashi haifutwi herufi moja moja. Fikiria ubao wa shule ambao mwalimu hana dasta ndogo, ana kitambara kikubwa tu kinachosafisha ubao wote. Anaweza kuandika mstari baada ya mstari, lakini akikosea neno moja hana njia ya kulifuta peke yake: ni lazima asafishe ubao mzima na kuanza upya. Katika flashi za aina iliyoenea miaka ya nyuma, ukurasa mmoja wa kuandikia ulikuwa na kilobaiti 2, na kurasa 64 zilifungwa pamoja kuwa eneo moja la kufutia, yaani kilobaiti 128. Siku hizi maeneo hayo ni makubwa zaidi, lakini kanuni haijabadilika. Kinachofuata ni dhahiri. Mtu akitaka kuandika mfumo mpya mahali palipokuwa na wa zamani, sharti kwanza aufute wa zamani. Na kati ya kufuta na kumaliza kuandika upo muda, dakika kadhaa hivi, ambao simu haina mfumo wa zamani wala mpya. Umeme wa Ilula ulikatika ndani ya dakika hizo.

Niseme jambo moja pembeni, kwa sababu nimelisikia mara nyingi vijiweni. Watu husema kwamba kuflashi simu mara nyingi kunaimaliza. Ni kweli kwamba kila eneo la flashi lina idadi ya kufutwa ambayo likiipita huchoka. Flashi za aina imara huhimili mara 100,000 hivi, na zilizo nyingi katika simu za bei ya kawaida ni mara elfu chache, pengine chini ya hapo. Lakini nani anaflashi simu yake mara elfu? Hata mara mia hakuna. Simu zinazofia mezani kwa fundi haziui kuchoka kwa flashi. Zinauliwa na haraka, faili lisilo lake, na umeme.

Sasa, ni nani hasa anayeandika? Mfumo wa simu hauwezi kufanya kazi hiyo kwani ndio uliokufa. Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo ambayo wataalamu huiita butiloda. Mimi napenda kuiita mwamshaji. Ndiyo inayoamka kabla ya vyote unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Kazi yake ya kila siku ni kuutafuta mfumo ghalani, kuuweka mezani na kuukabidhi simu. Kazi yake ya dharura ni kupokea mfumo mpya kutoka kwenye waya na kuuandika.

Waamshaji hawa wamepangwa kwa ngazi. Wa kwanza kabisa amechongwa ndani ya kichakato chenyewe kiwandani, na hakuna awezaye kumfuta, fundi wala radi. Ila ni mdogo mno, na meza anayofanyia kazi ni ndogo vilevile, kilobaiti mia chache tu. Hajui hata namna ya kuiamsha kumbukumbu kubwa ya simu. Kwa hiyo fundi akichomeka waya, jambo la kwanza ambalo kompyuta hufanya ni kumpelekea programu nyingine ndogo, inayotosha katika kimeza chake. Katika SP Flash Tool, programu inayotumiwa sana na mafundi kwa simu zenye vichakato vya MediaTek, zikiwamo Tecno na Infinix nyingi, huo ndio mstari mwekundu. Msaidizi huyo akishaingia anaiamsha meza kubwa, anaitambua flashi, kisha anasema yuko tayari. Hapo ndipo unapoanza mstari wa njano.

Lakini tatizo halijaisha. Faili la mfumo mzima la simu ya siku hizi linaweza kuwa na gigabaiti 3 au zaidi, na meza kubwa ya simu ya bei nafuu pengine ni gigabaiti 2, tena haiachwi yote kwa kazi hii. Mzigo ni mkubwa kuliko chombo cha kuupokelea. Wakulima wa Kilolo hawahitaji kuelezwa ufumbuzi wake. Lori la mahindi likifika ghalani, hakuna anayetafuta debe kubwa kama lori. Watu hupima debe moja, wakamwaga, wakarudi kuchukua jingine, haba na haba hadi lori likaisha.

Ndivyo hivyo hivyo. Katika utaratibu mmoja unaotumiwa na simu za Android, uitwao fastboot, mazungumzo ya kompyuta na simu yanafurahisha ukiyafahamu. Kompyuta huuliza kwanza: debe lako ni kubwa kiasi gani? Simu hujibu kwa idadi ya baiti. Tuseme imejibu megabaiti 256. Kompyuta hukata faili la gigabaiti 3 katika vipande 12, ikapeleka cha kwanza. Simu hukipokea chote mezani, kisha hukimimina ghalani kwenye flashi, ikajibu kwamba sawa, lete kingine. Waamshaji wengine ni wajanja zaidi, wana madebe mawili: moja likimiminwa, la pili linajazwa, ili waya usikae bure. Kwa simu inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 3 ni dakika tano na ushei. Dakika tano si nyingi, isipokuwa kama unazihesabu mvua inanyesha na unatazama balbu.

Kuna hila nyingine inayopunguza muda huo. Faili la mfumo, ingawa ni kubwa, ndani yake mna nafasi nyingi tupu, kama ghala lililopangwa vyumba ambavyo nusu yake havijapata mzigo. Kusafirisha utupu kwa waya ni upuuzi. Kwa hiyo kompyuta huandika orodha: hapa pana mzigo wa kweli, uchukue, hapa alama ileile inajirudia mara laki moja, nakutajia alama na idadi, ijaze mwenyewe, hapa hapana kitu, paruke. Simu hufuata orodha hiyo. Lakini angalieni mtego uliomo. Palipoambiwa paruke, kama hapakufutwa kwanza, hubaki mabaki ya mfumo wa zamani. Ndiyo sababu mwandishi mwangalifu hufuta chumba kizima kabla ya kupokea debe la kwanza. Na ndiyo sababu pia ukikatiwa umeme kwenye debe la pili tu, vyumba vingine vyote viko tupu tayari.

Kila debe hufika na lebo inayosema limiminwe wapi. Kwa simu za MediaTek lebo hizo zimeandikwa katika faili fupi la maandishi ya kawaida, ambalo mafundi huliita skata. Ukilifungua utaona orodha ya vyumba vya flashi: cha mwamshaji, cha mfumo, cha picha na mambo ya mwenye simu, na vinginevyo, kila kimoja na mahali kinapoanzia na ukubwa wake. Fundi akitumia skata ya simu inayofanana kwa sura tu na hii, mzigo wa chumba kimoja utamiminwa katika kingine. Kwa nje simu mbili zaweza kuwa pacha, hata jina likawa moja, lakini kiwanda kilibadili flashi katikati ya mwaka.

Baada ya kumimina kuna kuhakiki. Karani wa ghala haamini hesabu ya dereva, huhesabu mwenyewe. Mwamshaji naye hupiga hesabu juu ya kila alichopokea, akapata namba fupi, akailinganisha na namba iliyokuja na faili. Baiti moja ikiwa imeharibika njiani, namba hazilingani, na kazi hukataliwa. Simu nyingi siku hizi huhakiki pia sahihi ya kiwanda: mfumo usiotiwa sahihi hiyo haukubaliwi kuwashwa hata kama umeandikwa kikamilifu.

Huenda msikilizaji anafikiri kwamba haya ni mambo ya mafundi na hayamhusu. La hasha. Kama nyumbani kwako mna mita ya LUKU, mwaka 2024 uliifanya kazi hii kwa vidole vyako. Mtakumbuka tulitangaziwa kwamba mita zinaboreshwa, na kwamba mteja akinunua umeme atapata tarakimu nyingi kuliko kawaida. Sababu ilikuwa hii. Mita hizo hufuata utaratibu uitwao STS, ulioanzia Afrika Kusini. Kila tokeni hubeba alama ya wakati inayohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, ambazo haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216. Pigeni hesabu wenyewe: ni miaka 31 na miezi kama kumi na moja. Siku ya mwisho iliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuandaliwa kabla ya siku hiyo isingekubali tokeni mpya.

Dawa ilikuwa kuipa kila mita ufunguo mpya wa siri. Lakini ufunguo huo, pamoja na maelezo yake, hautoshi katika tokeni moja ya tarakimu 20. Hilo ni tatizo lilelile la lori na debe. Wakaukata vipande viwili, na ndiyo maana mlibonyeza makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza umeme wenyewe. Na hapa nataka msikilize kwa makini, kwani walioibuni mita hii walikuwa watu wenye busara. Mita ikipokea nusu ya kwanza haitupi ufunguo wa zamani. Huiweka nusu hiyo pembeni, ikaendelea na ufunguo ule ule iliokuwa nao, hadi nusu ya pili ifike, ihakikiwe, na zote mbili zikubaliane. Hapo ndipo hubadilisha, kwa mara moja. Bibi aliyebonyeza nusu ya kwanza akaitwa jikoni kabla ya kumaliza hakuiua mita yake.

Linganisheni na simu ya yule mama wa Uhambingeto. Mita ina uwezo wa kushika nusu ya mpya huku ikishika yote ya zamani, kwa sababu ufunguo ni kitu kidogo sana. Mfumo wa gigabaiti 3 si kitu kidogo. Ili simu ifanye kama mita, sharti iwe na vyumba viwili vya mfumo. Kimoja kinatumika, cha pili kinaandikwa taratibu huku mwenye simu akiendelea kuzungumza. Kazi ikikamilika na kuhakikiwa, mwamshaji huambiwa kwamba kesho aanzie chumba cha pili, na kikimshinda arudi cha kwanza. Watu wa Kilolo hawabomoi nyumba ya zamani kabla ya ile mpya kuezekwa, hasa masika. Utaratibu huo uliingia katika Android kwa toleo la 7.0 mwaka 2016. Gharama yake ni nafasi. Kwenye simu yenye gigabaiti 16 kwa jumla, kutenga chumba cha ziada cha mfumo ni kumnyima mnunuzi nafasi ya picha, na mnunuzi huchagua simu kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa hiyo miaka mingi simu za bei ya chini, ambazo ndizo zinazoflashiwa zaidi, ndizo zilizokosa kinga hiyo. Baadaye wahandisi walibuni njia ya kubana chumba cha pili kisile nafasi nyingi, nayo imeanza kuenea hata katika simu nafuu.

Turudi kwenye giza la kibanda. Umeme ukikatika mstari wa njano ukiwa katika chumba cha mfumo, hasara ni ndogo. Mwamshaji yu hai, na kinachotakiwa ni kuanza tena. Ukikatika wakati anaandikwa mwamshaji mwenyewe, yule wa ngazi ya pili anayekaa kwenye flashi, simu haitaonyesha chochote, hata mwanga. Wengi hapo huambiwa simu imekufa. Katika simu nyingi haijafa, kwa kuwa yule wa kwanza aliyechongwa kichakatoni bado yupo, na fundi anayejua kazi yake atamwita kwa kushikilia kitufe au kugusanisha nukta fulani kwenye saketi. Huo ni mfano wa mlango usiofungwa kamwe. Mwezi Januari 2004 mlango wa namna hiyo ulikiokoa chombo cha Marekani kiitwacho Spirit, gari la utafiti lililokuwa limetua Mars majuma yasiyotimia matatu kabla. Flashi yake ilijaa mafaili hadi mfumo ukashindwa kuwaka. Gari likawa linajiwasha na kujizima, zaidi ya mara 60, betri ikipungua. Wahandisi waliokuwa Pasadena, California, walilitumia amri ya kuamka bila kuigusa flashi kabisa. Likaamka. Wakaisafisha flashi kutoka umbali wa zaidi ya kilomita milioni mia moja, na Spirit ikaendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010. Ilikuwa na ugonjwa uleule wa simu ya mama: inawaka, inazima, inawaka, inazima.

Kuna chumba kimoja, hata hivyo, ambacho kukipoteza ni msiba wa aina nyingine, na hapa nataka kuwasema mafundi kidogo. Katika flashi mna chumba kidogo ambamo kiwanda kimeandika mambo ya simu hiyo moja peke yake: vipimo vya redio yake na namba yake ya utambulisho, ile IMEI yenye tarakimu 15. Namba hiyo haimo katika faili la mfumo ambalo fundi amelipata mtandaoni, kwa kuwa faili hilo ni la simu zote za aina hiyo. Programu ya kuflashi humpa fundi chaguo la kuandika vyumba anavyovitaka tu, na chaguo jingine la kufuta flashi yote kisha kuandika. La pili linavutia, maana huondoa kila kasoro kwa pigo moja. Huondoa na IMEI. Simu itawaka vizuri, itapendeza, na haitashika mtandao.

Tanzania imeshaonja uzito wa namba hizo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza simu zenye IMEI bandia zizimwe nchini kote. Na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaharamisha kubadili IMEI ya simu. Kwa hiyo fundi aliyeifuta kwa bahati mbaya anajikuta kwenye njia panda. Anaweza kuirudishia simu namba yake yenyewe ikiwa mwenye simu anayo kwenye boksi au kwenye karatasi. Kama hakuna anayeikumbuka, wapo wanaochukua namba yoyote iliyo karibu na kuipachika, na hapo mama wa watu anatoka kibandani na simu ambayo kisheria si yake. Kubonyeza *#06# na kunakili namba hizo kabla ya kuichomeka simu kwenye waya huchukua nusu dakika, ikiwa simu bado inawaka. Isipowaka, namba aghalabu ipo kwenye kibandiko chini ya betri au kwenye kava la nyuma. Nimekaa katika vibanda vingi. Waliofanya hivyo bila kuombwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wala hatuwezi kuwalaumu kwa kila jambo. Wengi wao hakuna aliyewafundisha. Wamejifunza kwa kutazama na kwa kuua simu zao wenyewe kwanza. Betri mpya ya kompyuta ni fedha ya simu nyingi, na yule wa Ilula aliniambia amekuwa akiiahidi nafsi yake betri hiyo tangu msimu wa nyanya uliopita.

Swali la fedha liliulizwa pia gizani pale, na kijana mmoja aliyekuwa anachaji simu yake. Je, simu ikifa, salio la M-Pesa nalo linakufa? Halifi. Salio halikai kwenye flashi ya simu wala kwenye laini. Liko katika kompyuta za kampuni, na laini ni kitambulisho tu cha kulifikia. Toa laini, itie kwenye simu nyingine, fedha zako utazikuta. Kinachokaa kwenye flashi ni picha, maandishi uliyojiandikia, na majina ya watu uliowahifadhi kwenye simu badala ya laini.

Umeme ulirudi baada ya saa moja na nusu. Fundi alichomoa betri ya simu, akairudisha, akashikilia kitufe, akachomeka waya. Mstari mwekundu ukapita. Tukajua kwamba mlango uko wazi. Wa njano ukaanza tena mwanzoni, ukapita pale ulipokuwa umekatikia, ukafika mwisho, na alama ya kijani ikatokea. Kibanda kizima kilishangilia kana kwamba timu ya Iringa imefunga bao. Simu ikawaka na kuuliza mwenyewe anataka lugha gani.

Mama akaipokea, akaenda moja kwa moja kwenye picha. Hapakuwa na kitu. Fundi alikuwa ameviwekea alama vyumba vyote vilivyokuwa kwenye skata, pamoja na kile cha mwenye simu, kwa mazoea tu. Nilipomuuliza alikiri kwamba angeweza kwanza kukiondolea alama chumba hicho, akaandika cha mfumo peke yake, na akaona kama simu inaamka. Huenda ingeamka na picha zake. Huenda isingeamka. Hakujaribu. Tulibonyeza *#06# tukaziona IMEI zote mbili zipo, kwa kuwa angalau hakuchagua kufuta yote, na mama akamtaka aziandike kwenye karatasi kwa kalamu ya wino.

Alilipa elfu nane badala ya kumi. Nikamuuliza kuhusu hesabu za kikundi. Akasema daftari lipo kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amekwenda Dar es Salaam kwa mwanawe hadi Pasaka, na mgao wa kikundi ni mwisho wa mwezi wa tatu.